Asiyetamka Theluji

Kipimajoto kilitundikwa kwenye nguzo nyuma ya kibanda cha wafanyakazi, na Sebueng alikwisha kwenda kukitazama mara nyingi mno tangu chakula cha mchana. Kila akirudi aliketi, na kila akiketi aliinuka. Jua la Julai liliwaka juu ya milima ya Maluti kana kwamba limesahau kuwa huu ni mwezi wa baridi. Mteremko mzima ulikuwa nyasi kavu za rangi ya simba, isipokuwa utepe mmoja mweupe uliotoka juu kwenye mawe mpaka chini kwenye mgahawa.

Utepe ule aliutengeneza yeye. Usiku baada ya usiku, kwa maji na baridi na mizinga mitatu mikubwa ya chuma iliyotema maji hewani. Na sasa ulikuwa unatoka jasho.

Aliinama akauchota kwa kiganja. Ulikuwa mzito, umelegea, kama wali uliozidi maji.

"Unamwonea huruma nani, mlima huo au mimi?"

Hakugeuka. Sauti ile angeitambua hata katikati ya ngurumo. Alikikung'uta kiganja.

"Wewe sikuonei huruma," alisema. "Wewe nakuonea hasira."

Moeketsi alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kuomba njia. Alikuwa anafundisha wageni kuteleza kwa mbao. Mwenyewe alijifunza utotoni, akichunga kondoo wa baba yake, kwa vipande viwili vya bati alivyovifunga miguuni kwa kamba ya katani. Miaka hiyo mbingu zilimwaga bure kitu ambacho sasa kinasukumwa kwa pampu. Leo hakuwa na wageni. Wageni walikuwa wanafika kesho, basi zima kutoka Bloemfontein, na meneja alikwisha kuapa kwamba wakikuta tope atafunga mlima na kumrudisha kila mtu kwao.

"Hasira ya nini tena, mpenzi?"

"Ulikwenda nyumbani Jumapili kuzungumza na ntate, baba yako. Umerudi. Tangu urudi unanikwepa kama mtu aliyeiba kuku."

Moeketsi alivua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaikunjua. Sebueng aligeuka sasa, akamtazama. Alimpenda mtu huyu hata alipokuwa hana la kusema. Alizipenda nyusi zake zilizounguzwa na jua, na alama nyeupe ya miwani iliyomzunguka macho. Ndiyo maana hasira yake haikuwa na miguu ya kusimamia.

"Sema tu, Moeketsi. Amekataa."

"Hajakataa. Amesema hana neno na wewe. Ana neno na mashine." Akameza mate. "Amesema uache kazi hii. Ukiacha leo, kesho anatuma wazee kwa baba yako. Usipoacha, nisikanyage na wewe uani kwake."

Upepo wa kaskazini, ule wa joto, uliwapitia. Utepe mweupe ulidondosha tone moja mahali fulani, tena tone jingine.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Ni baba yangu, Sebueng! Ulitaka nimpige?"

"Nilitaka useme neno moja. Hata 'lakini'. Mtu hawezi kusema 'lakini' mbele ya baba yake?"

Moeketsi alimkaribia. Alishusha sauti, ikawa ile sauti ya jioni, ya nyuma ya kibanda, ambayo wao wawili tu ndio walioijua. "Sikiliza. Nimekuja na mpango. Binamu yangu amenipa farasi wawili, wako pale chini kwenye zizi. Twende sasa hivi. Tukifika kwa mama anachinja kondoo wa kukupokea, kesho asubuhi wewe ni mke wa nyumba ile. Mzee akirudi kutoka malishoni anakuta mambo yamekwisha. Wangapi wametoroshwa wakaolewa hivyo?"

"Dada yangu aliolewa hivyo."

"Na si yuko kwa mume wake mpaka leo?"

"Yuko. Na mpaka leo chumvi ikizidi kwenye chungu mama mkwe wake anamwambia, 'Sisi hatukukuita, ulijileta.'" Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa mkono wa koti kwa hasira. "Mimi nataka niitwe, Moeketsi. Mchana, mbele ya watu. Wazee wakae, waulizane habari za ng'ombe, wachoshane mpaka waniite. Sitaki kuingia nyumbani kwa mtu kama paka."

"Basi acha mashine!"

"Niache?" Alimtazama kama hakumsikia vizuri. "Mwaka ule mlima ulipobaki mtupu kabisa, nani aliufanya mweupe? Ukasimama hapa ukalia, nikakuona, ukasema ni upepo machoni. Kazi hii ndiyo kitu pekee ninachokijua mpaka mwisho wake. Nikiiacha, unaoa nani? Unaoa koti tupu."

Moeketsi alipiga teke donge la barafu likaenda kugonga mzinga likavunjika.

Hapo ndipo Sebueng alipoinua uso ghafla. Kitu kilimgusa kisogoni, chembamba kama sindano. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka kusini sasa, mkavu, na kule ng'ambo jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima. Alikimbia kwenye kipimajoto, akarudi amebadilika uso, akang'oa redio ya mkononi kiunoni.

"Ntate Sekoati, unanisikia?"

Sekoati, aliyemwita ntate kwa heshima tu, alikuwa mtu wa pampu, chini kabisa kwenye kidimbwi. Alikuja Jumatatu kutoka mabondeni, baada ya yule wa zamani kuhamia kwao. "Nakusikia, ausi, dada yangu!"

"Baridi inakuja. Jua likizama tunaanza. Leo nataka unga mwingi, mkavu, laini. Wageni wanafika kesho."

"Unga?"

"Ndiyo, unga! Tena laini, usiniletee mabonge."

"Haya, ausi. Ukisema unga, ni unga."

Alirudisha redio kiunoni. Alipogeuka, Moeketsi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anatazama chini, kwenye njia ya mawe, na mkono wake ulikuwa umerudi kwenye kofia.

Farasi wa kijivu alikuwa anapanda polepole. Juu yake alikaa mzee mwembamba aliyejifunga blanketi mpaka kidevuni, fimbo imelala mapajani.

"Mungu wangu," Moeketsi alinong'ona. "Ni ntate."

Ntate Lehloa alizaliwa siku ambayo mlima ulifunga na mkunga akakwama njiani, kwa hiyo wakampa jina la kile kilichokuwa kinaanguka. Kwa Kisotho, lehloa ndiyo theluji. Watu walisema jina lilimkaa: hakuwa na maneno mengi, na yakianguka yalifunika kila kitu.

"Khotso, ntate," Sebueng alisalimia, akakunja magoti, macho chini.

"Khotso." Mzee hakushuka. "Wewe ndiye mwenye mashine."

"Ndiyo mimi, ntate."

"Nimepanda mwenyewe. Huyu mwanangu nikimtuma na maneno anayamwaga njiani." Moeketsi aliinamisha kichwa. "Binti, mimi sina chuki na wewe. Nimeuliza habari zako, nimeambiwa una adabu na mikono yako haijui kukaa. Mama yake huyu anakutaka hata kuliko huyu. Lakini nenda kautazame mto wangu. Umekuwa uzi. Kondoo wanaramba mawe. Zamani baridi ilikuwa inaweka maji huku juu, ikiyayeyusha taratibu mpaka mwezi wa kupanda. Sasa haiji. Na kile kidogo kilichobaki kwenye vinamasi, ninyi mnakivuta kwa mabomba ili wazungu wateleze. Mtu hawezi kula kwangu huku ananikausha. Sasa nataka jibu, si la huyu, la kwako."

Sebueng alitaka kutazama juu, aone kama Moeketsi angefungua kinywa. Moeketsi alikuwa anakunja kofia.

"Ntate," alisema kwa sauti ndogo, "siwezi kukudanganya. Maji tunachukua. Mengi yanayeyuka joto likija, yanashuka mto ule ule. Lakini tunachukua."

"Angalau husemi uongo. Kwa hiyo?"

Kabla hajajibu, mtu alitokea kwenye ukingo wa mteremko akihema kama mbwa wa kuchunga, mfuko umemlalia begani.

"Ausi Sebueng!" Sekoati alipiga kelele. "Unga wako huu! Jikoni wamenitukana mpaka nimekoma. Mpishi anasema huu ndio laini pekee, ule mwingine ni dona, na ukiumaliza wageni wa kesho watakula nyasi!" Akaubwaga mfuko juu ya utepe mweupe. Ndipo alipomwona mzee juu ya farasi. "Oo. Khotso, ntate."

Wote waliutazama mfuko. Moeketsi alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani.

"Si unga wa kula, we mtu! Ni lugha yake ya kazini tu. Theluji anaiita unga."

"Theluji?" Sekoati alimtumbulia macho. "Sasa kwa nini asiiite theluji? Tangu Jumatatu namsikia, leo 'unga', jana 'kile cheupe', juzi 'mgeni wa juu'. Juzi nilidhani ana mgeni kweli huko juu, nikawa namwonea wivu!"

"Alivyozoea tu," Moeketsi alisema, bado anacheka. "Hata mtu wa pampu wa zamani..."

Alikuwa ameuona uso wa baba yake.

Ntate Lehloa alishuka kwenye farasi. Alishuka taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, akamwachia Sekoati hatamu bila kumtazama. Alikuja mpaka mbele ya Sebueng, akachoma fimbo katika ule weupe.

"Binti. Hii uliyoikanyaga inaitwaje?"

Sebueng aliitazama fimbo.

"Nimekuuliza."

"Ntate anajua."

"Najua. Nataka nisikie kwako."

Sebueng alitikisa kichwa. Kwa desturi yao, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mume wake, hata kama jina hilo ni neno la kila siku. Atazunguka, atabuni, ataliita kwa mgongo, lakini halitalala kwenye ulimi wake. Kila mtu pale alilijua hilo. Ila Sebueng hakuwa ameolewa.

"Tangu lini?" mzee aliuliza.

"Tangu Pasaka, ntate."

"Pasaka kulikuwa na nini?"

Sebueng aliinua macho mara moja tu, yakamgusa Moeketsi, yakashuka. "Aliniambia kwamba atanioa."

Moeketsi alikaa chini. Alikaa vivyo hivyo juu ya theluji iliyolowa, kama mtu aliyekatwa miguu. Miezi yote hiyo alikuwa amesimama karibu naye, akinywa chai kikombe kimoja naye, akimsikia akizungumza na redio kutwa nzima, na hakusikia kitu.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuuliza."

Mzee alikuwa bado ameshika fimbo. "Nani alikuruhusu kuniheshimu?" Sauti yake ilipanda. "Eh? Ninao wakwe wawili mjini, wake za wanangu, nimewatolea ng'ombe wazima. Wananipigia simu, 'Hallo, Ntate Lehloa!' Wananitamka kama wanaita teksi. Na wewe ambaye sijakutolea hata mbuzi, ambaye nimepanda hapa kukufukuza, unajitwika jina langu mahali ambapo kutwa nzima kazi yako ni hilo jina! Umechukua kitu kabla hujapewa."

"Nilijua huenda sitapewa, ntate," Sebueng alisema. "Ndiyo maana nilijichukulia."

Sekoati aligeuza uso akajifanya anamkuna farasi.

Mzee alivuta pumzi. Jua lilikuwa limegusa mlima, na vivuli vya mizinga vilirefuka mpaka kwenye viatu vyao. Baridi sasa ilikuwa inauma.

"Basi litamke," alisema, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Mara moja tu, hapa. Litamke uwe huru. Hutakuwa wangu, sitakuwa wako, na mashine yako itakuwa shauri lako. Sitakuja tena kukusumbua."

Sebueng alijua maana yake. Neno moja fupi ambalo hata mtoto anayeanza kusema analiweza, na likishatoka, nyumba ile itafungwa. Alimtazama Moeketsi pale chini, alama nyeupe za miwani, kofia iliyopondwa mikononi. Alijisikia kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mawe, upepo unamsukuma huku na huku.

"Siwezi, ntate."

"Basi mashine utaiacha?"

"Hiyo pia siwezi."

"Hii siwezi, hiyo siwezi! Sasa unaweza nini?"

"Naweza kunywa mto ule ule." Alishangaa kusikia sauti yake imesimama. "Nikiwa kwako, nitachota pale pale unapochota. Ukikauka, na kinywa changu kitakauka. Mtu wa mbali akishika bomba hili atajuaje pa kufunga? Juzi meneja aliniambia niendelee, hali kidimbwi kimeshashuka chini ya lile jiwe jeusi ninalopimia maji. Nilifunga. Mpaka leo hanisalimii. Ukiniondoa mimi, ntate, ataweka asiyekunywa kwako."

Moeketsi aliinuka. Suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, na siku nyingine angekuwa wa kwanza kujicheka. Alitembea akasimama, si nyuma ya Sebueng, bali kando yake, bega kwa bega.

"Ntate, Jumapili nilinyamaza," alisema. "Leo sinyamazi. Nitamwoa huyu na mashine yake. Nataka uwe pale. Nataka uwe wa kwanza kukaa. Lakini ukikataa, nitamwoa, nami nitakuwa nakusalimia kutoka ng'ambo ya mto."

Mkono wake ulitafuta mkono wa Sebueng. Vidole vilikuwa baridi kama chuma, na bado Sebueng alihisi joto linapanda mpaka shingoni. Mbele ya baba yake! Alitaka kuuondoa kwa aibu. Hakuuondoa.

Ntate Lehloa aliwapa mgongo, akautazama mlima.

Sekoati alikohoa. "Ausi, mimi nishuke? Jua limezama."

"Shuka, ntate. Nitakuita."

Alifunga hatamu kwenye nguzo ya kibanda, akateremka mbio, na mfuko wa unga begani. Ikawa ni kusubiri, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko maneno. Mzee hakuondoka. Hakugeuka pia. Sebueng alikwenda kwenye kipimajoto, akarudi, akaukagua mpira wa mzinga wa kwanza, akakaza kilichokwisha kukazwa. Anga lilikuwa jekundu, kisha la zambarau. Redio ikakoroma.

"Nimefika. Nafungua au sifungui?"

Sebueng aliutazama mgongo wa mzee. Blanketi halikusogea. Hakuna aliyemwambia ndiyo, hakuna aliyemwambia hapana. Kazi ilikuwa yake. Alibonyeza.

"Fungua. Maji yakishuka mpaka kwenye jiwe jeusi unafunga, hata meneja akija na bunduki."

Bomba lilitetemeka ardhini. Mzinga ulikohoa, ukanguruma, ukatema wingu refu lililopanda hewani na kubaki limening'inia, halijaamua. Matone ya kwanza yaliwaangukia usoni, maji matupu. Moeketsi alifumba macho. Sebueng alipunguza maji kidogo, akasubiri, akapunguza tena, kisha akanyoosha mkono wa koti lake jeusi chini ya wingu, kama anavyofanya kila fundi wa kazi ile, aone kinacholala na kinachoruka.

Hakikulowesha. Kiliruka juu ya kitambaa, kidogo, kikavu, cheupe.

Kilimwangukia na mzee. Kilitua juu ya blanketi lake, juu ya kofia, juu ya ndevu, naye hakukipangusa. Aligeuka polepole.

"Ni ya uongo," alisema. Akatoa ulimi, akaonja. "Lakini ni baridi."

"Ausi!" Redio ilipiga kelele. "Imetoka nini huko? Ni maji bado au imekuwa? Niongeze au nisiongeze? Na safari hii sema jina lake, mimi jikoni sirudi!"

Sebueng aliishika redio, akaitazama. Alifungua kinywa. Hakuna neno lililokuja, si unga, si kile cheupe, hakuna. Mzinga ulinguruma. Sekoati aliita tena. Moeketsi alinyoosha mkono amsaidie.

Mkono wa mzee ulimtangulia.

"Lete."

"Unabonyeza hapo pembeni, ntate," Sebueng alinong'ona.

Ntate Lehloa aliileta redio mdomoni, karibu mno, kama anayekunywa. "Sekoati."

"Nani huyo?"

"Ni Lehloa."

Redio ilikoroma, kisha ikauliza kwa tahadhari: "Lehloa wewe mwenyewe, ntate, au ile ya mashine?"

Mzee aliyatazama mabega yake yaliyokuwa yanageuka meupe. Akamtazama msichana aliyesimama mbele yake, macho chini, mkono wake bado umo ndani ya mkono wa mwanawe.

"Wote wawili tumefika," alisema. "Ongeza maji. Na kuanzia leo ukitaka kulisikia jina hili, niulize mimi. Mkwe wangu usimsumbue."